Mkono Hewani, Picha Imeganda

Mama Pacha alifika nyumbani jioni akiwa hoi. Kutwa nzima alikuwa amesimama kwenye meza ya pasi. Anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Mashuka yanakuja, mashuka yanaondoka, na hayaishi. Wageni wanalala, yeye anapiga pasi. Ndiyo riziki yake, atafanyaje?

Alivua viatu mlangoni. Miguu ilikuwa imevimba. Alitamani kukaa kidogo sebuleni, afumbe macho, asiulizwe kitu na mtu yeyote. Lakini katika chumba cha nyuma kulikuwa na mtu anayemngoja.

"Mama Pacha, ni wewe?"

"Ni mimi. Nani mwingine anaingia humu bila hodi?"

"Mwizi," alijibu mumewe.

"Mwizi akiingia humu atatuonea huruma. Atatuachia kitu."

Mumewe alicheka kidogo. Siku hizi alikuwa anacheka kidogo tu.

Mtaa mzima unamwita Fundi. Ni fundi rangi. Nyumba nyingi za mtaa ule zimepakwa rangi na mkono wake wa kulia. Kisha asubuhi moja Fundi alikuwa anavaa shati, mkono ukakataa kuingia kwenye shati. Mdomo ukaenda upande. Kabla watu hawajajua la kufanya, akaanguka. Kumbe ni kiharusi.

Alikimbizwa hospitali, na Mungu ni mwema, alipona. Maneno yalirudi. Mguu nao ulirudi, ingawa kwa msaada wa mkongojo. Mkono wa kulia peke yake ndio uliogoma. Ulining'inia tu ubavuni.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini hakuwaficha. "Mkono huu haujafa," aliwaambia. "Umesahau kazi. Lazima ufundishwe upya, kila siku, na hasa miezi hii ya mwanzo. Mkiacha sasa, utazoea kulala. Na mkono ukizoea kulala, kuuamsha ni kazi kubwa."

Hospitali iko mbali na foleni yake ni ndefu. Kwa hiyo mtaalamu aliwapa masomo ya mazoezi kwa njia ya video. Mwalimu wa kwenye video anaonyesha, mgonjwa anafuata. Mama Pacha akaingiza intaneti nyumbani kwa ajili hiyo tu. Pacha wenyewe wako shule ya bweni, hawana habari na mambo hayo. Intaneti ilikuwa ya mkono wa Fundi.

Basi jioni ile, kabla hata ya kunywa maji, Mama Pacha aliwasha runinga ya chumba cha nyuma. Mwalimu wa mazoezi akatokea, kavaa fulana ya bluu, anatabasamu.

"Inua mkono wako taratibu," alisema mwalimu. "Usaidie kwa mkono mwingine. Juu kidogo. Juu tena. Vizuri. Shikilia hapo hapo, na sasa..."

Picha ikaganda. Mwalimu alibaki mdomo wazi. Katikati ya uso wake likatokea lile duara la kusubiri, likaanza kuzunguka. Likazunguka. Likazunguka.

"Niushushe?" aliuliza Fundi. Mkono wake ulikuwa hewani, unatetemeka.

"Subiri kidogo, mume wangu. Inarudi sasa hivi."

Haikurudi. Jasho lilimtoka Fundi usoni. Alikaza meno. Mwisho mkono ukamshinda, ukaanguka mapajani kama mzigo. Na hapo hapo picha ikarudi!

"Hongera!" alisema mwalimu kwa furaha. "Umefanya vizuri sana!"

"Ananisifu kwa lipi?" aliuliza Fundi. "Zima."

"Tujaribu tena mara moja."

"Nimesema zima, Mama Pacha. Kila siku ni hivi hivi. Mimi si nguzo ya umeme, nikae na mkono hewani nikingoja duara. Kesho likizunguka tena, basi. Sitafanya tena. Mkono ukitaka kufa, na ufe."

Mama Pacha alizima. Alikwenda jikoni, akashika ukingo wa karo, akasimama pale na uchovu wake. Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa sana. Alimjua mumewe. Fundi akisema basi, ni basi kweli. Na mkono ule ndio uliokuwa unamfanya aitwe Fundi. Bila mkono ule angekuwa nani?

Wakati ule ule Shemeji akaingia. Huyu ni mdogo wake Fundi. Anakaa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Ni mtu mzuri, lakini ni mjuaji. Ukimuuliza habari ya mwezini, atakueleza, na majirani wa huko atakutajia.

"Imekwama tena?" aliuliza. "Nilikwambia, shemeji. Hiyo kampuni ya intaneti ni wezi tu. Dawa yao ni moja, nunueni kifurushi kikubwa zaidi."

"Kama ni wezi, ndio tuwaongezee?" aliuliza Mama Pacha.

Shemeji alikuna kichwa.

Kesho yake Mama Pacha alikuwa zamu ya alfajiri, kwa hiyo alirudi mapema mchana. Aliingia, akavuta pumzi, akapiga simu kampuni ya intaneti, akaiweka kwenye spika. Mashine ikamwambia asubiri. Muziki ukapigwa. Wimbo uleule ukarudi, ukarudi tena. Alijiegemeza ukutani, usingizi ukaanza kumchukua akiwa amesimama. Mara sauti ya msichana ikatokea, imekauka kabisa.

"Samahani kwa kukusubirisha, mama. Mimi ni mhudumu wa wateja. Na unisamehe sauti, nimeongea tangu asubuhi."

"Pole, mwanangu. Mimi nimesimama tangu alfajiri."

"Basi tumekutana wachovu wawili. Haya, nieleze. Tatizo ni nini?"

Mama Pacha alimweleza yote. Alimweleza habari ya mkono, duara na mwalimu anayesifu kwa kuchelewa. Alimweleza pia maneno ya mumewe. Mhudumu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," alisema mhudumu. "Tutatafuta pamoja, hatua kwa hatua. Je, kila kitu kinakwenda polepole, au ni video tu?"

"Ujumbe unakwenda. Video ndiyo inakwama."

"Ujumbe ni mdogo, mama. Unapenya hata kwenye tundu la sindano. Video ni mzigo mkubwa, inataka njia pana, tena njia isiyokatika. Sasa niambie, ile ruta, kile kisanduku chenye taa alichokuletea fundi wetu, kiko wapi?"

Hapo Mama Pacha alijisikia vizuri kidogo. Alijua amekitunza.

"Kiko mahali pazuri kuliko vyote nyumbani," alisema. "Kiko kwenye kabati la vyombo vya wageni. Nimekifungia vioo, na nimekifunika kitambaa."

"Mama, umekifunika?"

"Kwa kitambaa cha kufuma, kizuri, nimekifuma mwenyewe. Kisishike vumbi. Si kitu cha thamani?"

Kila kitu cha Mama Pacha kina kitambaa. Redio ina kitambaa. Runinga ina kitambaa. Chupa ya chai ina kitambaa chenye maua. Wanaomfahamu wanasema Fundi akikaa kimya sana, naye atafunikwa.

"Na majirani zake humo kabatini ni nani?" aliuliza mhudumu.

"Masinia yangu, birika la chuma, na sufuria za sherehe."

Mhudumu alicheka, lakini cheko la upole. "Usinielewe vibaya. Nakucheka na kujicheka, maana hata mama yangu mzazi kafanya hivyo hivyo. Sikiliza. Ruta ni kama mtu anayeita. Humwoni akiita, lakini wito wake unasafiri hewani. Sasa umemfungia kabatini, umemziba mdomo kwa kitambaa, na umemzungushia masinia. Chuma ndicho kinachomziba kuliko vyote. Halafu unataka mtu wa chumba cha nyuma amsikie?"

"Lo!" alisema Mama Pacha.

"Hebu fungua kabati, uiguse."

Mama Pacha alitoa kitambaa, akagusa ruta kwa mgongo wa vidole, kama anavyogusa pasi kazini. Akarudisha mkono haraka.

"Ina moto! Hii ningepigia pasi shati la hariri."

"Unaona? Ilikuwa inakosa hewa. Ikipata moto sana, inazubaa. Sasa tupime. Nimekutumia ujumbe wenye ukurasa wa kupimia kasi. Nenda nayo simu chumba cha nyuma, ufungue, ubonyeze 'anza'. Kisha urudi upime tena ukiwa karibu na ruta. Kabati liache wazi."

Mama Pacha alikwenda chumbani. Fundi alikuwa kwenye kiti, anatazama dirishani. Sikio alikuwa ametega. Mama Pacha alipima, akamsomea mhudumu namba. Akarudi sebuleni, akapima tena, akamsomea.

"Chumbani unapata tone tu," alisema mhudumu. "Karibu na ruta unapata zaidi, lakini bado ni nusu ya kifurushi unacholipia. Kwa hiyo una magonjwa mawili. La kwanza ni mahali ruta ilipo. La pili tutalitafuta. Tuanze na la kwanza. Nyumba yako ina mahali pa katikati, pa juu kidogo, pasipo na chuma?"

Mama Pacha alitazama koridoni. Pale kati ya sebule na chumba cha nyuma kuna rafu ya ukutani, usawa wa bega. Chini yake kuna soketi. Hapakuwa na mahali pazuri zaidi. Lakini rafu ile ilikuwa ya Fundi. Juu yake kulikuwa na makopo yake ya rangi na brashi zake, zimeoshwa, zimepangwa, kama alivyoziacha siku moja kabla ya kuugua. Tangu siku ile Mama Pacha hakuthubutu kuzigusa. Vumbi alikuwa analifuta kwa kuzizunguka. Aliona kama akiziondoa, atakuwa amesema kwa mdomo wake kwamba Fundi harudi kazini.

"Mama, upo?" aliuliza mhudumu.

"Nipo. Mahali papo, lakini pana vitu."

"Vitoe." Aliyesema si mhudumu. Alikuwa Fundi, amesimama mlangoni na mkongojo wake. "Vitoe, Mama Pacha. Makopo ni chuma, si umesikia? Weka chini ya kitanda changu."

"Na brashi?"

"Na brashi. Zinahama chumba, hazijafa."

Mama Pacha aliondoa kopo moja moja, brashi moja moja. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega, maana mikono ilikuwa na kazi. Fundi alijifanya haoni.

"Waya unafika?" aliuliza mhudumu.

Waya ulifika. Fundi wa kampuni alikuwa ameacha mwingi, umezungushwa nyuma ya kabati.

"Ule waya mwembamba usiukunje wala kuuvuta kwa nguvu. Ndani yake kuna uzi wa kioo. Ukivunjika, ndio utatuita sote huko. Haya, zima ruta, subiri kidogo, kisha uiwashe."

"Kidogo kiasi gani? Muda wa kukunja shuka?"

"Shuka la kitanda kikubwa, mama, tena ukunje vizuri."

Mama Pacha alikunja shuka hewani, kona kwa kona. Fundi alitikisa kichwa. Kisha wakaiwasha. Taa zikapepesa, zikapepesa, zikatulia. Mama Pacha alikwenda chumba cha nyuma akapima tena. Namba ilikuwa imepanda sana.

"Alhamdulillahi!" alisema.

"Bado, usishangilie," alisema mhudumu. "Sasa ugonjwa wa pili. Nyumbani mko wangapi?"

"Wawili."

"Mna vifaa gani vinavyotumia intaneti?"

"Simu yangu, simu ya mume wangu, na runinga."

"Vitatu. Mimi hapa kwenye mtambo wangu naona kumi na tisa."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Mumewe akatazama chini ya kitanda.

"Majini?" alinong'ona Mama Pacha.

"Majini hawana simu, mama. Kumbuka vizuri. Umempa nani neno la siri?"

Mama Pacha akakumbuka, akakaa kitandani.

Fundi aliporudi kutoka hospitali, nyumba ilijaa watu. Walikuja kumjulia hali, asubuhi na jioni. Wengine walimwogesha Fundi wakati Mama Pacha yuko kazini, wengine walifua nguo. Mama Pacha hakuwa na kitu cha kuwapa. Siku nyingine hata chai haikuwepo. Basi akawapa kile alichokuwa nacho. "Jiungeni na mtandao, jamani," aliwaambia. "Neno lenyewe ni 'karibuni'." Watu wakajiunga. Wakaondoka, lakini simu zao hazikusahau. Kila wakikaa kibarazani, chini ya dirisha la sebule, simu zinajiunga zenyewe. Nyumba za jirani nazo zinaudaka mtandao kupitia ukutani.

"Wale ni watu wema," alisema Mama Pacha. "Walinishika mkono nilipokuwa naanguka. Leo niwafungie mlango?"

Fundi ndiye aliyejibu. Alijibu polepole, akitafuta maneno.

"Mama Pacha, debe moja la rangi linapaka ukuta mmoja, ukang'aa. Ukilitia maji lipake kuta kumi na tisa, hakuna hata mmoja utakaopendeza. Wao hawaoni vizuri, na mimi mkono uko hewani. Tumemsaidia nani?"

"Ni hivyo hasa," alisema mhudumu. "Na, mama, si lazima uwafungie. Ruta yako inaweza kutoa mitandao miwili. Mmoja wa nyumbani, mwingine wa wageni. Wa wageni una jina lake na neno lake, na tunaupimia kiasi. Mgeni atatuma ujumbe, atapiga simu, atashukuru. Lakini hatagusa njia ya video ya mzee."

"Hivyo inawezekana?"

"Inawezekana. Badilisha kwanza neno la nyumbani. Lisiwe jina lako, wala 'karibuni'. Changanya herufi na namba. Na usinitajie mimi! Mfanyakazi wa kweli wa kampuni haulizi neno la siri la mteja. Akikupigia mtu akaliuliza, kata simu."

Alimwongoza kubonyeza hapa, kuandika pale. Mama Pacha alikosea, akafuta, akaandika tena. Neno jipya alilitunga Fundi, akamnong'oneza mkewe. Wakacheka wote wawili. Ni neno gani? Hata mimi sikuambiwa, na ndivyo inavyotakiwa.

"Sasa nisikilize kwa mara ya mwisho," alisema mhudumu. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo. "Jioni watu wengi wako kwenye mtandao, na video inaweza kusumbua. Ikikwama, ingia kwenye mipangilio ya video, punguza ubora wa picha. Mwalimu ataonekana tu. Au pakua somo mapema, wakati kumetulia, mlitazame baadaye. Na kama mmefanya yote haya na bado inakwama, tupigie. Huenda tatizo likawa letu, tutatuma fundi. Lakini usikimbilie kununua kifurushi kikubwa kabla ya kupima. Hiki ulicho nacho kinakutosha."

"Mwanangu, kunywa maji ya uvuguvugu. Sauti hiyo itakwisha."

"Na wewe, mama, weka miguu juu."

Hakuna aliyemwambia Mama Pacha maneno hayo kwa muda mrefu. Alikata simu, akakaa kidogo. Kisha kweli akaweka miguu juu.

Jioni ilipofika, aliwasha runinga.

"Mara moja tu," alisema Fundi. "Nimekwambia jana, na sijabadilisha."

"Mara moja tu," alikubali Mama Pacha.

Mwalimu wa fulana ya bluu akatokea. "Inua mkono wako taratibu. Usaidie kwa mkono mwingine. Juu kidogo. Juu tena. Shikilia hapo hapo, na sasa, shusha polepole."

Picha haikuganda. Mwalimu aliendelea. Akaingia zoezi la pili. La tatu. Fundi alihema. Alikuwa analitafuta duara kwa macho.

"Huyu hapumziki leo?" aliuliza.

"Kumbe duara lilikuwa linakupumzisha!"

"Nyamaza, nisipotee."

Alipofika mwisho, mkono ukiwa bado juu, unatetemeka lakini uko juu, mwalimu akasema: "Hongera! Umefanya vizuri sana!"

Fundi aliushusha mkono polepole, kama alivyofundishwa. Alikuwa amelowa jasho. "Leo amenisifu nastahili," alisema. Kisha baada ya muda, "Kesho usichelewe kutoka kazini."

Hapo ndipo mlango ulipogongwa. Shemeji aliingia mbio.

"Shemeji! Intaneti imekatika! Si nilisema hao ni wezi? Runinga yangu imezima, simu zote tatu hazishiki, na filamu zangu nilikuwa nazishusha tangu asubuhi!"

Mama Pacha alimtazama. Akatazama lile kabati la vyombo sebuleni, lililoegemea ukuta wa Shemeji. Kwa muda wote huo, Shemeji alikuwa anaupata mtandao vizuri kuliko mgonjwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

"Unashusha filamu kila siku?" aliuliza Fundi kutoka chumbani.

"Kila siku, kaka. Zinajishusha zenyewe."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa unauning'iniza mkono wangu hewani."

Fundi hakusema kwa hasira. Alisema kwa uchovu tu, na ndiyo maana yalimwingia Shemeji. Alikaa kwenye kiti, akashika kichwa.

"Kaka, sikujua. Naapa sikujua. Mimi nilidhani intaneti ni kama mwanga wa jua. Nikiota na mimi, nakupunguzia nini?"

"Hata mimi sikujua," alisema Mama Pacha. "Niliifungia ruta kabatini na masinia. Hapa hakuna mjuaji. Chukua neno la wageni, utatuma ujumbe wako. Filamu tafuta kwako."

Shemeji aliingiza intaneti yake mwenyewe. Na tangu siku ile alikuja kila jioni kumhesabia kaka yake mazoezi, tena kwa sauti kubwa kuliko ya mwalimu. Majirani nao walipewa neno la wageni. Wawili walinuna. Mama Pacha aliwaeleza habari ya debe la rangi, wakaelewa. Wa tatu alinuna zaidi, lakini huyo hununa hata mvua ikinyesha.

Wiki zikapita. Mashuka hayakwisha, na Mama Pacha aliendelea kurudi amechoka. Mkono wa Fundi ulipata nafuu kidogo kidogo. Vidole vilianza kukunjika. Kiwiko kikaitikia. Lakini kila zoezi la kuinua, mkono wa kushoto ndio uliobeba mzigo. Mkono wa kulia ulipanda kwa kubebwa, haukupanda peke yake. Kuna siku Fundi alikata tamaa, na kuna siku alikata tamaa zaidi. Lakini video haikukwama, kwa hiyo hakuwa na kisingizio, akaendelea.

Siku moja ya mapumziko Mama Pacha aliamka na usafi. Alifuta, akapangusa, akafua vitambaa vyake vyote na kuvipiga pasi. Akavirudisha kimoja kimoja. Redio, kitambaa. Chupa ya chai, kitambaa. Mazoea yana tabu. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Akarudi jikoni akiimba.

Baadaye, kutoka chumba cha nyuma ilisikika sauti ya mwalimu: "Juu kidogo. Juu tena. Shiki..." Ikakatika.

"Ebo!" alisema Fundi.

Mama Pacha alisikiliza. Mkongojo ukagonga sakafu. Tok. Tok. Ukafika koridoni, ukasimama. Kimya. Kisha akasikia kitu chepesi kikianguka chini. Muda si mrefu mwalimu akarudi kusema.

Mama Pacha alitoka jikoni na mikono ya sabuni. Fundi alikuwa amesimama mbele ya rafu, ile ya usawa wa bega. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mkongojo. Ukiachia mkongojo, ataanguka. Kitambaa cha kufuma kilikuwa sakafuni, miguuni pake. Ruta ilikuwa wazi, taa zake zimetulia.

"Mama Pacha," alisema Fundi, "umeifunika tena. Mara ngapi tuambiwe?"

Mama Pacha alikuwa anautazama mkono wa kulia. Ulikuwa bado juu, umeegemea rafu.

"Fundi," aliuliza taratibu, "kitambaa umekitoa kwa mkono gani?"

Fundi alifungua mdomo ili ajibu. Akatazama mkongojo. Akatazama rafu. Akautazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Huu," alisema.